Kura ya Funguo

Siku ya ibada ya kumuaga Mama Selina, pale kanisani Kangemi, mimi na Mwalimu Wairimu tulijiaibisha. Mfawidhi, jamaa mmoja aliyebanwa na suti, alishika maikrofoni akasoma kutoka kwenye karatasi: "Marehemu alikuwa mama mpole, mnyamavu, mtu asiyekuwa na maneno mengi." Mwalimu, ambaye sasa ana miaka themanini na kitu na hutembea na mkongojo, alinigusa ubavuni kwa kiwiko. Nilijaribu kujizuia. Niliuma midomo, nikatazama dari, nikafikiria kodi ya nyumba, lakini wapi. Kicheko kilinitoka puani kwanza, kisha kikatoka chote, na Mwalimu naye akaanza kutikisika mabega mpaka mkongojo wake ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Watu wa viti vya mbele waligeuka. Nadhani walifikiri tunalia, kwa sababu mama mmoja alitupitishia karatasi laini za kupangusa machozi, na kusema kweli tulizihitaji.

"Mnyamavu!" Mwalimu alininong'oneza. "Huyo aliyekuwa anatusimamishia sinema kila dakika?"

Siwalaumu watoto wake walioandika karatasi ile. Labda nyumbani alikuwa hivyo. Mimi mwenyewe nilimjua hivyo kwa karibu mwaka mzima: mama anayeketi karibu na mlango, kikapu cha chapati mapajani, mdomo umefungwa. Lakini mwaka ule, wa elfu mbili na nne, haukuisha ulivyoanza, na karatasi ya mfawidhi haikuwa na nafasi ya kuueleza. Acha niueleze mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa faili katika ofisi moja ya bima kule Upper Hill. Kazi yangu ilikuwa kutafuta faili zilizopotea, na kwa kuwa zilipotea kila siku, sikukosa la kufanya. Saa ya chakula cha mchana mimi na wenzangu wawili tulijifungia katika chumba cha faili na githeri yetu kwenye mikebe, nami nikawaigizia wakubwa: meneja akiongea kwa simu na mkewe, kisha meneja akiongea kwa simu na mtu ambaye si mkewe. Siku moja nilikuwa katikati ya ile simu ya pili, nimeinua kidole cha mwisho kama yeye, nikaona wenzangu wameinamia mikebe yao kimya. Nikajua nimekwisha. Niligeuka polepole. Mlangoni alisimama mama mrefu mwenye kofia ya sufu na mkoba mkubwa, ambaye alikuwa amechoka kungoja kwenye kaunta akaamua kuja kuitafuta faili yake mwenyewe. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe msichana," akasema, "Jumamosi mchana unafanyanga nini?" "Nafua nguo, Mwalimu," nilijibu, ingawa hakuwa ameniambia kwamba yeye ni mwalimu. Sauti ilijitambulisha. "Fua asubuhi," akasema, na akanipa karatasi yenye jina la jengo moja la River Road.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chama chake cha sinema. Tulikutana orofa ya tatu, katika chuo cha ushonaji kilichoendeshwa na mdogo wake. Masomo yalikwisha saa saba, cherehani zikafunikwa, vitambaa vyeusi vya bitana vikabanwa dirishani kwa pini ili kuzuia mwanga, na televisheni ya inchi kumi na nne ikapandishwa juu ya meza ya kukatia nguo. Kabla ya kukaa ulipapasa kiti kwanza, maana pini za wanafunzi zilikuwa na tabia ya kubaki nyuma. Kwenye kona palisimama sanamu ya kupimia magauni, mwanamke asiye na kichwa wala mikono. Mwalimu alimwita Bi Mwenyekiti, na alikuwa akisema bado hajaona mwanamke wa sinema aliyemzidi huyo kwa akili. Chumba kizima kilinuka mafuta ya cherehani na chai ya maziwa yenye tangawizi, na juu ya harufu hizo zote ilipanda ya chapati za Mama Selina. Zilifika zikiwa moto bado, zimefungwa ndani ya taulo, kutoka Loresho, alikokuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya Kihindi. Yeye mwenyewe alikula kidogo, akasikiliza sana, na ilipofika saa kumi na moja akaondoka na taulo lake.

Mwalimu alikuwa amekianzisha chama kwa hasira. Nyuma ya nyumba yake ya Mountain View alikuwa na vyumba vya kupangisha, na wapangaji wanaume walikwenda kila wikendi kwenye vibanda vya video vya Kangemi wakarudi na maoni mapya kuhusu wanawake. "Nikauliza, hawa wanafunzwa na nani? Nikaambiwa ni sinema," alitueleza. "Nikasema basi, hata sisi twende darasani." Tulikuwa kama ishirini: wanafunzi wa ushonaji, makarani, wenye vioski, na muuguzi mmoja aliyekuja na sare yake chini ya sweta. Baada ya kila sinema Mwalimu aliandika maswali matatu ubaoni, kando ya vipimo vya sketi. La kwanza, mwanamke huyu anafanya kazi gani? La pili, nani anaamua mambo yake? La tatu, ungemwachia ufunguo wa nyumba yako? Na kwa swali hili la tatu hatukunyoosha mikono. Kila mtu alitoa ufunguo wake mwenyewe, uwe wa kufuli au wa kitasa. Aliyemwamini yule mwanamke wa sinema aliuweka juu ya meza, asiyemwamini akaubakiza mfukoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kura ya funguo, na hatukuifanyia mchezo, kwa sababu mtu wa Nairobi anaweza kukugawia chakula chake na hata blanketi lake, lakini ufunguo wake anaulalia.

Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Wiki baada ya wiki meza ilibaki tupu. "Huyu kazi yake ni kuzirai," alilalamika msichana mmoja wa ushonaji aliyeitwa Njoki. "Amezirai mara tatu! Nikimpea ufunguo si ataangusha kwa mtaro?" Katika sinema za Kizungu mwanamke alikuwa kwenye simu akimwambia mumewe awe mwangalifu. Katika zile za Nigeria mama mkwe alikuwa mchawi hata kabla hajavua viatu. Mwanamke mbaya ulimtambua kwa suruali na sigara, mwema ukamtambua kwa machozi. Muuguzi alikuwa na swali lake lisilokwisha: "Hawa watu huenda kazi saa ngapi?" Tulicheka, tukala chapati, tukarudi nyumbani na funguo zetu zote. Mimi sikuwahi kufikiria kabla ya hapo kwamba unaweza kumkatalia mtu wa kwenye sinema. Nilikuwa nikitazama kama mtu anayepakuliwa chakula, nakula kilichowekwa.

Sinema nyingi tulizopata zilikuwa za Kihindi, na ndiyo maana tulikuwa na Shadrack. Kama hukukaa Kangemi miaka hiyo, nikueleze. Katika vibanda vya video aliketi mtu kando ya televisheni na maikrofoni, akatafsiri papo hapo, akiwasemea wahusika wote kwa Kiswahili cha mtaani, na watu walimfuata mtafsiri wao kutoka kibanda hadi kibanda. Shadrack alikuwa mfalme wa kazi hiyo. Alituhudumia Jumamosi mchana kabla ya kwenda kwenye onyesho lake la jioni, na malipo yake yalikuwa chapati. Kwa wanaume alikuwa na sauti kumi: jambazi, polisi, baba mkali, mlevi, tajiri mwenye kikohozi. Kwa wanawake alikuwa na moja tu, nyembamba, ya paka aliyekanyagwa mkia. "Ooh mpenzi, usiniwache! Nitakufa mimi!" Awe bibi wa miaka tisini au msichana wa shule, awe daktari au malkia, sauti ilikuwa hiyo na maneno yalikuwa hayo.

Jumamosi moja mwezi wa Mei nilishindwa kuvumilia. Kulikuwa na mwanamke hakimu, joho na nyundo na kila kitu, na mshtakiwa alikuwa mbele yake. Shadrack akaanza: "Ooh mpenzi, mbona umenivunja roho?"

Nilisimama kabla sijajua nimesimama. "Shadrack, huyo ni hakimu!"

"Hata hakimu ako na mpenzi, siste."

"Akiwa kotini?"

Chumba kilicheka. Shadrack akaninyooshea maikrofoni. "Sasa kama unajua sana, kuja ushike. Lakini nakushow mapema, sauti ya msichana haiwezi beba sinema. Watu watalala."

Nilikwenda nikaishika. Mwanamke kwenye televisheni aliinua nyundo, akafungua mdomo, nami nikamsemea kwa sauti niliyoiazima kutoka kwa Mwalimu mwenyewe: "Keti chini. Mahakama hii haina haraka, na wewe una miaka kumi ya kungoja." Watu walipiga makofi na meza na vifuniko vya cherehani. Siku ile funguo saba ziliwekwa, za kwanza tangu chama kianze, na Mwalimu alivua miwani yake akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Tangu siku hiyo tuligawana kazi, Shadrack wanaume na mimi wanawake, maikrofoni moja ikipita kati yetu. Wiki iliyofuata nilimuuliza alijifunza wapi Kihindi. Alitazama huku na huku. "Kihindi gani? Mimi naangalianga macho, siste. Mtu akikunja uso, namkunjia maneno." Nilicheka mpaka nikakalia pini. Basi nami nikaanza kuangalia macho, na katika macho ya wanawake wale niliona kila nilichotaka kuona. Mama akilia, nilisema analia kwa hasira. Mke akiinamisha kichwa mbele ya mumewe, nilimfanya ahesabu vigae vya sakafu, akipiga hesabu atakavyoving'oa siku atakapohama. Msichana akiimbiwa bustanini na kijana mwenye nywele za mawimbi, nilimfanya aulize, "Wimbo ni mzuri, lakini unafanya kazi wapi?" Wanawake walishuka zile ngazi za orofa tatu wakibishana kwa furaha, na kufikia Agosti meza ya kukatia ilijaa funguo. Mtu mmoja tu hakuwahi kuweka wake, naye alikuwa Mama Selina. Alikuwa na pete kubwa ya funguo za Loresho, aliishika mkononi, na hakuiachilia.

Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa akiandika. Jumapili moja alinialika kwake Mountain View baada ya kanisa. Nakikumbuka kile chumba kwa usafi wake, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, juu ya redio, hata juu ya birika, na mezani sahani ya nduma na viazi vitamu. Alivaa miwani akanisomea kurasa kumi na mbili za mkono wake mwenyewe. Zilisema kwamba baada ya kutazama kwa makini, chama chetu kimegundua kuwa wanawake wa sinema wamebadilika. Kwamba sinema za Kihindi hasa zimewapa akili, kazi na ujasiri. Kwamba mjane fulani, hakimu fulani, na mke mmoja mwenye mpango wa vigae ni mifano ya kufunzwa mashuleni. Angeisoma ripoti hiyo katika sherehe yetu ya Novemba, mbele ya akina mama wa kanisa na mhadhiri mmoja wa mambo ya filamu. "Rispa," aliniambia, na macho yake yalikuwa na maji, "nilidhani nitakufa kabla sijayaona haya." Nduma ilinikwama kooni.

Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na chai ya kusukumia. Sikusema, na sababu naijua vizuri, sina haja ya kuipamba: niliipenda ile maikrofoni. Ofisini niliitwa "wewe wa faili". Jumamosi watu ishirini walinyamaza ili wanisikie. Niliogopa kwamba nikisema ukweli, Mwalimu ataniambia nirudi kwenye nguo zangu za kufua, na sauti ya paka itarudi mahali pake.

Wiki mbili kabla ya sherehe tulitazama ile sinema ya mjane, kwa mazoezi, kwa kuwa ndiyo iliyochaguliwa kuonyeshwa wageni. Shemeji yake anamletea karatasi atie sahihi ili amchukulie nyumba. Mjane anapiga magoti, analia, na mimi nikamsemea: "Sitii sahihi. Nyumba hii nilibeba matofali yake nikiwa mjamzito. Kalamu yako ni nzuri, mwandikie mama yako barua." Funguo zilimwagika mezani. Baadaye nilikuwa kwenye korido nikiosha vikombe ndani ya beseni, na Mama Selina akivikausha kwa taulo lake la chapati.

"Yule mjane," alisema taratibu, "hakusema hivyo."

"Aje, Mama?"

"Alisema, 'Nisamehe, shemeji. Nyumba ni yako. Niache tu nilale jikoni.'"

Kikombe kiliniponyoka kikarudi majini. Kumbe bibi mzee wa ile nyumba ya Loresho alitazama sinema kila alasiri, na kwa miaka kumi na tisa Mama Selina alikuwa akiketi chini akimkanda miguu, bibi akimweleza nani ni nani, mpaka siku moja hapakuwa na haja ya kuelezwa. "Na zile zingine zote?" niliuliza. "Hata yule hakimu?"

"Yule mshtakiwa alikuwa babake. Hakimu alikuwa anamwomba msamaha kwa kusoma sana." Alikausha kikombe ndani na nje. "Ulinichekesha, mwanangu. Tangu Mei nimecheka."

"Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Lakini sasa Mwalimu anaandika. Kuchekesha mtu ni kitu moja, kumwacha aandike ni kitu ingine. Mwambie mapema. Ukikawia, itajisema yenyewe."

Nilimwahidi. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa na mafua, nikasema nisimsumbue. Baada ya hapo alikuwa na shughuli nyingi, nikasema nisimkatize. Mwenye kutafuta sababu haikosi, na sherehe ikafika sijasema neno.

Siku hiyo chumba cha ushonaji kilipambwa kwa kila kipande cha kitambaa kilichobaki mwaka mzima. Bi Mwenyekiti alivikwa kilemba, kikashonewa juu ya shingo tupu. Kulikuwa na pilau, kachumbari, chapati zisizohesabika, na akina mama wa kanisa walijaza safu mbili kwa vitambaa vyao vyeupe vya kichwa. Yule mhadhiri, mama mchangamfu mwenye viatu vya raba, alifika amekumbatia sanduku. "Nimewaletea zawadi ya leo," alisema. "Projekta! Kwa nini mkaze macho kwenye kitelevisheni?" Shuka jeupe la Mwalimu lilitundikwa ukutani, taa zikazimwa, na sinema ikatokea, pana kama ukuta wenyewe. Sote tulishangilia. Kisha shemeji wa mjane akafungua mdomo, na chini ya miguu yake yakatokea maandishi ya Kiingereza, meupe, kila herufi kama kisahani. Yalikuwa yamekuwapo siku zote. Televisheni yetu ndogo ilikuwa ikiikata picha kwa chini, nasi hatukujua kwamba kuna kitu kinachokatwa.

Shadrack, mjanja wa Kangemi, alikohoa mara moja, kisha akaanza kuyasoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatafsiri kweli. Halafu akanipa maikrofoni. Mjane alikuwa amepiga magoti. Chumba kizima kilikuwa kimekwisha kusoma kwamba anaomba msamaha, kwamba nyumba ni ya shemeji, kwamba aachwe alale jikoni. Nami, kwa mazoea tu, mdomo ukanitangulia: "Sitii sahihi!"

"Haiya," alisema mama mmoja wa kanisa, kwa sauti. "Mbona maandishi inasema ingine?"

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele, kikafika mahali alipokaa Mwalimu kikafa. Nilimwomba Shadrack asimamishe sinema. Mjane alibaki kwenye shuka, mkubwa juu ya vichwa vyetu, magoti chini, mdomo wazi. Mwalimu alikuwa amesimama na zile kurasa kumi na mbili mkononi.

"Mwalimu," nilisema, "wanawake wa sinema hawajabadilika. Ilikuwa ni mimi."

"Hakimu?"

"Hata hakimu."

"Na yule wa vigae?"

"Hata wa vigae."

Alizikunja karatasi mara moja, akazikunja tena. "Nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema, "na hakuna mtoto aliyewahi kunidanganya nusu mwaka mfululizo." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilianza kulia, machozi ya kamasi, si yale mazuri ya sinema. "Basi chama kina sheria zake," aliendelea. "Swali la tatu. Leo hatumpigii mjane kura, tunampigia Rispa. Nani hapa angemwachia ufunguo wa nyumba yake?"

Taa ziliwashwa. Meza ya kukatia ilikuwa mbele yangu, tupu, ina alama za chaki. Hakuna mkoba uliofunguliwa. Njoki alitazama viatu vyake. Shadrack alipapasa mfuko kisha akatoa mkono mtupu. "Mimi ni mshtakiwa pia," alisema, "siwezi piga kura." Nilikwisha kujiona Jumamosi inayofuata, nikisugua shuka kwenye beseni.

Ndipo kiti cha karibu na mlango kikasogea. Mama Selina alisimama, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, isipokuwa mimi, aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya "karibuni chapati", watu waligeuza viti.

"Mimi hukaa hapa kwa mlango kwa sababu nimezoea mlango," alisema. "Huko kazi, sinema naangalianga nikiwa chini. Huyu mjane nimemwona akipiga magoti mara nyingi. Na kila mara akisema aachwe alale jikoni, mimi namjibu kwa roho. Namwambia, inuka mama. Jikoni naijua mimi, usiombe kulala huko. Sijawahi kusema na mdomo. Ningemwambia nani? Sasa huyu msichana, hajui Kihindi hata kidogo, akashika hiyo maikrofoni akasema ile kitu nilikuwa nasema kwa roho. Nikashtuka. Nikajiuliza nani amemwambia." Alimgeukia Mwalimu. "Amekosea. Alinyamaza mahali alifaa kuongea. Lakini hata mimi nilinyamaza, na mimi ndiye nilijua. Kama ni kosa, tugawane."

Alikuja mezani. Alitoa ile pete kubwa ya funguo, za geti, za stoo, za jiko la watu, akaanza kuhangaika nayo kwa kucha mpaka akatoa ufunguo mmoja mdogo wa kufuli, umechakaa. "Hizi zingine si zangu," alisema. "Hii ndiyo yangu." Akauweka mbele yangu. Bado nausikia ulivyogonga mbao. Muuguzi alifuata, kisha Njoki, kisha wengine, mpaka hata mama mmoja wa kanisa, ambaye sidhani alielewa tunachofanya, akaweka wake. Mwalimu hakuweka. Aliweka Januari, Jumamosi ya kwanza, akiwa anatafuta chaki.

Lakini siku ileile ya sherehe aliandika swali la nne ubaoni, na halikufutwa tena: Maneno haya amepewa na nani? Tangu hapo kila sinema ya Kihindi tuliitazama mara mbili. Mara ya kwanza Mama Selina alitueleza kinachosemwa hasa. Mara ya pili nilishika maikrofoni, na kila mtu alijua kwamba sasa ni mimi ninayesema. Ripoti iliandikwa upya, kila ukurasa umegawanywa katikati: upande huu alivyosema mwanamke wa sinema, upande ule tulivyomsemea sisi. Na kiti cha Mama Selina kilihamishwa kutoka mlangoni kikawekwa kando ya televisheni. Hapo ndipo tulipomjua. "Simamisha! Hapa anadanganya." "Simamisha! Huyo si dadake, ngojeni niwaambie." "Rudisha nyuma kidogo, mmeona hiyo sufuria? Huwezi pika dal kwa hiyo sufuria." Sinema ya saa tatu ilichukua Jumamosi mbili. "Mama," Shadrack alimlilia siku moja, "huyu mwizi amezeeka akingoja kukimbia!" Mama Selina alimwambia angoje zaidi.

Siku hizi mimi ni mkalimani mahakamani. Mwalimu huona jambo hilo ni la kuchekesha kuliko yote. Naapa kusema kile tu alichosema shahidi, na ninasema hicho tu, hata pale mama anapoinamisha kichwa kizimbani na kusema nyumba ni ya shemeji, waacheni wachukue. Naitafsiri kama ilivyo. Moyoni namwambia inuka mama, lakini hayo ni ya upande wa pili wa ukurasa, na najua upande gani ni wangu.

Basi, kanisani. Mbele ya jeneza palikuwa na meza yenye picha yake na kitabu cha rambirambi. Tulipofika zamu yetu ya kupita, Mwalimu aliandika jina lake, akafungua mkoba, akatoa ufunguo wake wa Mountain View akauweka chini ya picha. Mimi nikaweka wangu. Shadrack, ndevu zote zimekuwa mvi, alikuwa nyuma yetu, naye hakuuliza. Tulirudi tukaketi. Baada ya muda mfawidhi alisogea kwenye meza, akainama, akarudi kwenye maikrofoni.

"Wapendwa, kuna watu wamesahau funguo hapa mbele," alitangaza. "Ziko tatu. Wenyewe wakuje wachukue."

Hatukuinuka. Alitangaza tena. Kisha kutoka viti vya nyuma kabisa nikasikia viatu vikija, na mwanamke mmoja mnene aliyevaa vizuri akapita kando yetu, nami sikumtambua mpaka alipofika mezani akaanza kupekua mkoba: alikuwa ni Njoki. Mfawidhi alimpisha, akidhani mwenyewe amepatikana. Akatazama alichofanya, akaitazama karatasi yake, akaitazama meza.

"Sasa ziko nne," alisema.